Barua Moja Mara Elfu Kumi na Moja

Jamhuri ya Tarajio haimo kwenye ramani. Wenyewe husema mchoraji alikuwa karibu kuichora, akaambiwa asubiri kibali, naye mpaka leo anasubiri. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina mito mitatu, ina mawaziri thelathini na wanane, na ina mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani Mkumbukwa, ambaye habari hii ni yake.

Sikudhani alikuwa Afisa Mwelekezaji wa Barua Pepe za Serikali. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kutazama nukta za kijani zikitembea. Kila nukta ilikuwa barua ya mwananchi. Hapo awali serikali ilikuwa na seva moja tu, yaani mtambo mmoja wa kupokea barua na kuzifikisha, na barua ilifika kabla aliyeituma hajainua kidole kwenye kitufe. Jambo hilo liliwasononesha sana viongozi. Waziri wa Maadili alisimama bungeni, sauti ikimtetemeka, akauliza: "Inawezekanaje barua ya raia impite mheshimiwa mzima kama upepo, bila hata kumwambia shikamoo?" Wabunge wakapiga meza mpaka glasi zikamwagika.

Basi kila wizara iliyojiheshimu ikapewa seva yake. Kila seva ikajengewa nyumba yenye kiyoyozi na mlinzi, ikakatiwa utepe. Ikapitishwa sheria kwamba barua yoyote iendayo kwa Mtukufu Rais ipite kwanza Seva ya Maadili, kisha Seva ya Uwiano, kisha Seva ya Usalama, kisha seva ya wizara inayohusika, ndipo ifike. Mchoro wa njia hiyo ulibandikwa ukutani ofisini kwa Sikudhani. Wageni walioutazama walidhani ni utumbo wa ng'ombe.

Kulikuwa na sheria nyingine. Mwelekezaji aliruhusiwa kusoma bahasha tu: nani katuma, anampelekea nani, na kichwa cha habari. Akisoma yaliyomo ndani, anahesabiwa kuwa ndiye aliyeyaandika. Aliyemtangulia Sikudhani katika kiti kile alisoma barua ya mapenzi kwa bahati mbaya, na sheria ikamwozesha.

*

Jumanne saa tatu asubuhi ilitokea nukta moja kutoka wilaya ya Mto Mpana. Mtumaji: Kasiani Luhwavi, mkaguzi wa madaraja. Mpokeaji: Mtukufu Rais. Kichwa cha habari: DARAJA JIPYA LINA UFA, TAFADHALI LISIKANYAGWE.

Sikudhani aliweka kikombe cha chai mezani. Daraja la Mto Mpana lilikuwa lifunguliwe Jumamosi ile ile. Mtukufu angekuwapo, mawaziri wote wangekuwapo, na katikati ya daraja kingecheza kikundi cha ngoma cha Raha Haina Umri, kinachoongozwa na Bi. Somoe, miaka sitini na saba, mama mzazi wa Sikudhani. Bi. Somoe alikuwa amefanya mazoezi sebuleni wiki tatu. Kwa jinsi alivyokuwa akiikita miguu, vikombe kabatini vilikuwa vimeanza kuhama vyenyewe.

Sikudhani alimpigia simu mkaguzi.

"Bwana Kasiani, hukuweza kumpigia mtu simu?"

"Dada yangu, nimepiga mpaka sikio limeota sugu. Wananiambia serikali haiendeshwi kwa uvumi. Niandike."

"Ufa wenyewe ni mkubwa?"

"Juzi niliingiza kalamu. Leo nimeingiza mkono, nikakuta popo wameshahamia."

Sikudhani akaenda kwa mkurugenzi wake, Bwana Tindo Makuka, mtu mnene aliyeheshimika kwa kutowahi kuamua jambo lolote katika miaka ishirini na miwili ya utumishi.

"Mkuu, kuna barua inasema daraja lina ufa."

Bwana Makuka akashtuka. "Umeisoma?"

"Nimesoma kichwa chake tu."

"Basi usiseme barua inasema. Kichwa cha barua si barua. Kichwa cha samaki ni samaki?"

"Kwetu ndiyo, mkuu."

"Ndiyo maana kwenu hakuna maendeleo. Iache barua ifuate mkondo wake. Kutoka Jumanne mpaka Jumamosi ni siku nne, hata konokono angefika."

Sikudhani akarudi kwenye kiti chake, akajiambia kwamba siku nne ni nyingi. Saa sita mchana nukta ikageuka nyekundu. Seva ya Maadili ilikuwa imeirudisha barua kwa mtumaji ikiwa na ujumbe huu: "Hukuuliza hali."

Kasiani, maskini, alikaa chini akaandika upya. Mara hii, kama alivyomsimulia Sikudhani kwa simu, aliuliza hali ya Mtukufu, hali ya mkewe, ya ng'ombe wake, ya usingizi wake na ya goti lake la kushoto lililowahi kutajwa redioni. Salamu zilijaza kurasa mbili, ndipo likaja neno la daraja. Seva ya Maadili iliipa barua ile alama tisini na sita na kuifungulia njia.

Jumatano asubuhi ikakwama Seva ya Uwiano.

Seva ya Uwiano ilibuniwa ili wilaya zote ziwe na haki sawa ya kulalamika. Wilaya ikishatuma barua mbili kwa wiki, ya tatu haipiti mpaka wilaya ya mwisho kwenye orodha nayo iandike. Mto Mpana ilikuwa imekwisha kutuma zake mbili: ya kwanza mkuu wa wilaya alimpongeza Mtukufu kwa kutimiza miaka sabini na tatu, na ya pili aliomba radhi kwa sababu Mtukufu alikuwa ametimiza hamsini na tisa, kama alivyotimiza mwaka uliotangulia. Wilaya ya mwisho kwenye orodha ilikuwa Nyikavu. Sikudhani akampigia karani wa huko, mzee mpole aitwaye Chubwa.

"Mzee Chubwa, shikamoo. Naomba mtuandikie barua leo."

"Marahaba mwanangu. Tuandike nini? Hatuna shida."

"Hata moja, mzee?"

"Ah, zipo. Ila tuliziandika mwaka juzi, tunangoja majibu. Si adabu kuongeza nyingine wakati ya kwanza haijamezwa."

"Andika chochote, mzee wangu. Nakuomba kwa jina la mama yangu."

Mzee Chubwa akafikiri, kisha akatuma barua yenye kichwa kisemacho MBUZI WA OFISI HAJAMBO. Mizani ikasawazika, njia ikafunguka. Na kwa kuwa mbuzi yule hakuwa chini ya wizara yoyote, barua yake ilipaa moja kwa moja mpaka kwa Mtukufu, na jioni Nyikavu ikapokea jibu lililotiwa saini likimtakia mbuzi maisha marefu.

Barua ya daraja nayo ikaingia Seva ya Usalama. Sikudhani alipumua.

*

Alhamisi alipofika kazini aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aajiriwe. Nukta ile ilikuwa inatoka Seva ya Usalama, inakwenda Seva ya Ujenzi, inarudi Usalama, inakwenda Ujenzi, haraka haraka, mpaka ikawa si nukta tena bali uzi wa kijani unaotetemeka.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Seva ya Usalama ilikuwa imefundishwa kwamba barua yoyote yenye neno "daraja" ni ya Ujenzi. Seva ya Ujenzi ilikuwa imefundishwa kwamba barua yoyote yenye neno "ufa" inatia hofu umma, kwa hiyo ni ya Usalama. Kila moja ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Na kila barua ilipopita, seva iliigonga muhuri: IMEPOKELEWA, INASHUGHULIKIWA.

Sikudhani akavaa viatu akaenda kwa miguu. Nyumba za seva hizo mbili zilitazamana, barabara ikipita katikati. Wakuu wake walikuwa mashemeji wasiosemezana, kisa kivuli cha kuegeshea gari.

"Badilisha kanuni yako, bwana," alimwambia wa Usalama. "Ipitishe hii moja tu."

"Nitaibadilisha hata sasa hivi. Huyo wa ng'ambo aniombe kwa maandishi."

Akavuka barabara.

"Nimwombe mimi?" akasema wa Ujenzi. "Yeye ndiye aniombe. Kivuli kile kilikuwa changu tangu mti ule ni mche."

Sikudhani alivuka barabara ile mara sita, mpaka mlinzi akaanza kumwekea kiti. Mara ya saba akakaa kwenye kiti hicho, akajifunika uso kwa mikono, akaona kwamba amekuwa kama barua yenyewe.

Alipokwenda nyumbani, Bi. Somoe alikuwa anapiga pasi sare za kikundi.

"Mama, Jumamosi usicheze."

"Nani kasema?"

"Siwezi kukwambia nani kasema. Sheria hairuhusu."

"Basi aliyesema ana haya ya kusema, na mimi sina haya ya kucheza."

"Mama, daraja si zima!"

Bi. Somoe akaweka pasi kando. "Sikudhani. Upande wa pili wa mto ule nimezaliwa mimi. Marehemu mama yangu aliugua kule, na mimi niko huku, mto umejaa, nikamsikia kwa habari tu. Miaka thelathini tumeomba daraja. Leo limejengwa, unaniambia nikae nyumbani nile ubuyu? Nikifa, nife nimevuka."

Sikudhani akachukua sare zilizokwisha pigwa pasi, akaanza kuzikunja.

*

Ijumaa asubuhi Waziri wa Mawasiliano, Mheshimiwa Pazi Lukonge, aliita waandishi wa habari. Alikuwa amevaa suti nyeupe na tabasamu la mtu aliyeokota kitu.

"Ndugu waandishi," alisema, "mwaka jana siku nzima tulikuwa tunashughulikia barua arobaini. Tangu jana hadi asubuhi hii, ninavyosema nanyi, serikali ya Mtukufu imeshughulikia barua elfu kumi na moja! Kuna wanaosema hatufanyi kazi. Mitambo imewajibu. Mitambo haina chama."

Makofi yakapigwa. Sikudhani, aliyeitwa kushika kipaza sauti, akamsogelea.

"Mheshimiwa, samahani. Ni barua moja."

"Moja vipi?"

"Barua moja, imepita mara elfu kumi na moja."

Waziri akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Binti, nitajie nchi nyingine duniani ambako raia mmoja ameshughulikiwa mara elfu kumi na moja kwa siku moja."

Sikudhani alifungua mdomo ambishie. Kisha akaufunga. Alikuwa ameona kitu. Kwa sheria za Tarajio waziri alikuwa na haki ya kuifungua barua yoyote na kuisoma popote apendapo. Tatizo ni kwamba hakuna waziri aliyewahi kupenda.

"Kweli, Mheshimiwa," akasema taratibu. "Lakini watu wana wivu. Watasema rekodi haina ushahidi. Ingekuwa mimi, ningeichapa barua yenyewe na mihuri yake yote, nikaisoma kesho mbele ya Mtukufu, kabla mtu yeyote hajakanyaga daraja. Nani atabisha tena?"

Macho ya Mheshimiwa yakang'aa. "Kabla hata ya Waziri wa Ujenzi kuhutubia?"

"Kabla yake kabisa."

"Binti, wewe utafika mbali."

Barua ilichapwa mchana kutwa. Ilitoka kurasa mia nne na kumi, mihuri mitupu, na mwishoni kabisa kurasa tatu za Kasiani. Sikudhani aliifunga kwa kamba bila kuitazama ndani, akaikabidhi, akalala usingizi wa kwanza tangu Jumanne.

*

Jumamosi alifika mtoni. Jukwaa halikuwa ukingoni. Maafisa wa itifaki walikuwa wamelihamishia katikati ya daraja alfajiri ile, kwa sababu huko ukingoni jua lingempiga Mtukufu upande wake usiopigwa picha. Watu mia mbili walikuwa tayari juu ya daraja: Mtukufu kitini, mawaziri, majenerali, bendi ya shaba yenye ngoma kubwa, na akina mama wa Raha Haina Umri wamejipanga safu wakingoja ishara. Bi. Somoe alikuwa mbele, amejifunga kibwebwe.

Kando ya barabara alisimama Kasiani Luhwavi akizuiwa na askari wawili. "Wananiambia sina mwaliko," alimwambia Sikudhani, machozi yakimlengalenga. "Dada, wakicheza tu, basi."

Sikudhani alitaka kupiga kelele. Akawaza: nikipiga kelele watakimbia, na watu mia mbili wakikimbia juu ya ufa ni sawa na ngoma. Akakanyaga daraja, akatembea kwa ncha za vidole mpaka nyuma ya Mheshimiwa Lukonge, ambaye alikuwa amekwisha kuanza.

"Imepokelewa, inashughulikiwa!" alisoma Waziri kwa sauti ya kinubi.

Makofi.

"Imepokelewa, inashughulikiwa!"

Makofi.

Kwa nusu saa alisoma hivyo. Akafika muhuri wa mia mbili na tatu. Mpiga ngoma kubwa alikuwa anapasha mikono joto. Chini, Sikudhani alisikia kitu kikisema *krii*, kama kitanda cha gesti.

"Mheshimiwa," alinong'ona, "ruka mihuri."

"Niruke?" Waziri alinong'ona kwa hasira. "Mihuri ndiyo rekodi yenyewe!"

Bi. Somoe, aliyechoka kusimama, akaukita mguu wake wa kulia kupasha msuli. Daraja likajibu *krii*.

"Mheshimiwa," Sikudhani alisema, "kurasa za mwisho anatajwa Mtukufu. Goti lake limetajwa. Kwa heshima kubwa mno. Waziri wa Ujenzi akilijua hilo kabla yako…"

Hakumaliza. Waziri alipindua kurasa mia nne kwa mkupuo mmoja.

Alisoma salamu kwa madaha. Mtukufu aliposikia habari za ng'ombe wake alitikisa kichwa, aliposikia za goti lake alilipapasa. Waziri alikuwa amezama katika utamu wa sauti yake mwenyewe, kwa hiyo aliendelea na sehemu iliyofuata kwa sauti ile ile ya sherehe:

"Baada ya salamu, nakujulisha kuwa daraja hili lina ufa chini ya nguzo ya kati, upana wake mkono mzima! Likibeba zaidi ya watu ishirini litaanguka! Tafadhali lisikanyagwe!"

Watu wakapiga makofi. Kisha makofi yakapungua, moja moja, kama mvua inayokatika, mpaka akabaki jenerali mmoja aliyekuwa na uzito wa kusikia.

Hakuna aliyethubutu kusogea, maana itifaki inasema hakuna anayeondoka kabla ya Mtukufu. Na Mtukufu hakuweza kuondoka, kwa sababu kuondoka kungekuwa kukiri kwamba nchini mwake kuna ufa. Mia mbili wakakaa hivyo, wakitazamana, daraja likisema *krii, krii*.

Bi. Somoe akamtazama bintiye. Akaona uso wake, akaelewa yote ya wiki nzima.

Akafungua kibwebwe. "Akina mama," akasema kwa sauti ya chini, "ya leo si ngoma ya kukita. Ya leo ni lelemama."

Lelemama ni ngoma ya kistaarabu. Mabega ndiyo yanayocheza, miguu inateleza tu, na safu inajongea pole pole kana kwamba imebeba mayai. Bi. Somoe akaanza wimbo laini. Akina mama wakamfuata, wakiteleza kuelekea walikotoka. Wanamuziki wakaweka vyombo chini wakajiunga nyuma yao, wakizungusha mabega. Majenerali nao wakaingia safuni, medali zikilia kama kengele za mbuzi. Hakuna aliyekimbia; walikuwa wanacheza, na kucheza kulikuwa kwenye ratiba.

Mtukufu akainuka. Afisa wa itifaki akamwinamia sikioni. "Mtukufu, akina mama wamekwenda nyuma. Wewe kikatiba huruhusiwi kurudi nyuma."

"Kweli kabisa," akasema Mtukufu, naye akateleza mbele, kuelekea ukingo wa ng'ambo, mabega yakipanda na kushuka, kwa ustadi ambao haukutarajiwa. Mawaziri thelathini na wanane wakamfuata.

Sikudhani alikuwa wa mwisho kwenye safu ya mama yake. Kisigino chake kilipogusa udongo, Daraja la Mto Mpana lilikaa chini mtoni taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Kundi la popo likaruka. Hakuna aliyeumia hata ukucha.

Askari walimwachia Kasiani. Alikwenda kukaa karibu na Sikudhani. Bi. Somoe alimshika bintiye uso kwa mikono miwili, akambusu kipajini, akasema, "Siku nyingine vunja sheria mapema." Kisha akageuka kutazama maji yaliyokuwa yakipita pale palipokuwa na daraja, na upande wa pili, nyumbani kwao.

Huko ng'ambo, wanakijiji walikuwa wamewazunguka viongozi wao kwa furaha. Hawakuwahi kutembelewa na hata mmoja, na leo wamepata serikali nzima. Walikuwa wanawaletea mikeka. Mtukufu alionekana akimwuliza mzee mmoja jambo, na yule mzee akamwonyesha mto kwa fimbo, kisha akahesabu kwa vidole miezi ya kungoja maji yapungue: mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Ndipo Mtukufu akashuka mbio mpaka ukingoni, akaweka mikono mdomoni na kuanza kupiga kelele kuja huku. Upepo ulikula maneno. Wananchi wa huku, kwa adabu, wakampungia mkono.

"Anasema nini yule?" aliuliza Bi. Somoe, akitandika kanga yake kwenye majani na kukaa.

Sikudhani akategea sikio.

"Anaomba daraja, mama."

Bi. Somoe akanyoosha miguu, akaanza kuyakanda magoti.

"Na angoje kidogo," akasema. "Mimi kwanza nipumzike."